Wensleydale au Bonde la Eden: ukiwa na siku mbili tu, uende lipi?

Majira ya joto yakikaribia, simu huanza kuingia. Ndugu amefika London au Birmingham kwa wiki tatu, Big Ben ameshaiona, maduka yameshamchosha, na sasa anataka kuiona Uingereza ya mashambani, ile ya kondoo, kuta za mawe na soko la mara moja kwa wiki. Mimi naishi Leeds, kwa hiyo swali huniangukia. Jibu langu limekuwa mabonde mawili: Wensleydale upande wa Yorkshire, na Bonde la Eden upande wa Cumbria.

Mabonde haya ni kama watoto wa tumbo moja. Mto Ure na mto Eden vyanzo vyake viko kwenye milima ile ile, jirani kabisa. Halafu kila mmoja unashika njia yake. Ure unageukia mashariki, unapita Wensleydale, na maji yake mwishowe yanaingia Bahari ya Kaskazini. Eden unakwenda kaskazini, unapita Kirkby Stephen, Appleby na Carlisle, kisha unamwaga maji kwenye ghuba ya Solway, upande wa Bahari ya Ireland. Hata mawe yanatofautiana. Nyumba za Wensleydale ni za kijivu, na ukishuka na Eden kuelekea Penrith kuta zinakuwa nyekundu, maana huko wanajengea mawe mekundu ya mchanga.

Nimepeleka watu pande zote mbili, wazee na watoto, wenye gari na wasio nalo. Uzuri hausaidii kuchagua, maana uko kote. Mambo matatu ndiyo yanayoamua: utafikaje, utafika siku gani ya juma, na moyo wako unapenda nini.

Kama huna gari

Nenda Eden. Hapa sina la kusitasita.

Kuna treni ya moja kwa moja kutoka Leeds, na reli yenyewe ni nusu ya safari. Ni reli ya Settle hadi Carlisle, kilomita 116, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1876. Inapita juu ya daraja la Ribblehead lenye matao 24, halafu inapanda hadi kituo cha Dent, kilicho mita 350 juu ya usawa wa bahari. Ukiiacha Skoti, hakuna kituo kingine kwenye reli kuu za Uingereza kilicho juu kuliko hicho. Miaka ya 1980 shirika la reli la taifa, British Rail, lilitaka kuifunga. Watu wakaandika pingamizi kwa maelfu, na mwaka 1989 ikaamuliwa ibaki. Kila nikikaa dirishani pale Ribblehead, nyanda zote zikiwa wazi pande mbili, nawashukuru watu wale nisiowajua.

Muda wa saa mbili hivi na umefika Appleby. Kituo kiko mjini penyewe, unateremka kwa miguu hadi mtoni. Kirkby Stephen je? Hapo angalia. Kituo kina jina la mji lakini mji uko zaidi ya kilomita mbili kutoka hapo. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni si kitu. Kwa mzee mwenye sanduku ni shughuli, basi panga teksi kabla hujapanda treni.

Wensleydale nayo iliwahi kuwa na reli iliyopita bonde zima. Abiria wa mwisho wa Hawes walishuka mwaka 1959, na kituo chao leo ni jumba la makumbusho la Dales Countryside Museum, na mle ndani utaona vyombo vya kutengenezea jibini na zana za wachimbaji wa madini ya risasi. Kipande cha chini cha reli hiyo kimefufuliwa na watu wanaojitolea, kuanzia Leeming Bar, ila hakifiki Hawes. Asiye na gari anashuka kituo cha Garsdale, kilomita kama kumi kutoka Hawes, na kudaka basi dogo linaloendeshwa na wenyeji wenyewe. Linafanya kazi nzuri sana, lakini safari zake kwa siku ni chache. Mara ya kwanza tulipokwenda, ratiba niliyobeba ilikuwa ya msimu uliopita. Tulisimama pale Garsdale na mama mkubwa, upepo ukivuma kutoka kila upande, hakuna duka wala nyumba ya chai, hadi mkulima mmoja akatuhurumia na kutubeba. Kwa hiyo ukienda kwa njia hii, tazama ratiba ya wiki hiyo hiyo.

Mwenye gari hana tatizo lolote Wensleydale. Tena gari ndilo linaloifungua, kwa sababu vitu vyake vimetawanyika: maporomoko hapa, ngome kule, magofu ya monasteri mbele zaidi.

Soko: Wensleydale inashinda

Bonde hili lina hadithi ya masoko inayonivutia kuliko hata ngome zake. Mabonde mengi ya Yorkshire yana jina la mto. Hili lina jina la kijiji, Wensley, kwa sababu Wensley ndiyo ilikuwa na soko, kwa kibali cha mwaka 1202. Mwaka 1563 tauni ikaingia, watu wakafa na wengine wakakimbia, na soko halikupata nguvu tena. Biashara ikahama. Askrigg wakapata kibali chao mwaka 1587, Leyburn mwaka 1684, Hawes mwishoni mwa karne hiyo ya 17. Leo Wensley ni kanisa zuri, daraja na nyumba chache. Gari linapita kwa dakika moja. Simama hata kidogo.

Hawes soko ni Jumanne, Leyburn ni Ijumaa. Ukiweza kuchagua siku moja tu ya kuja bondeni, chagua Jumanne. Mji wa Hawes ni mdogo mno, barabara moja inayogawanyika na kukutana tena, na kijito cha Gayle kinashuka katikati yake kwa kishindo, unakisikia hata ukiwa ndani ya duka. Siku nyingine ni mji wa watalii wanaokunywa chai. Jumanne wakulima wanashuka, na panakuwa pao.

Na kama kuna mnada wa kondoo siku hiyo, acha kila kitu uende. Uwanja wa mnada uko mwanzoni mwa mji, na kuingia kutazama si dhambi. Kaa tu pembeni, usipunge mkono. Kondoo wa huku, wanaoitwa Swaledale, wana uso mweusi na pua nyeupe kama waliotumbukiza mdomo kwenye unga, na pembe zinazojikunja. Dume wanaingizwa mmoja mmoja kwenye duara la vumbi la mbao. Mnadi anaimba namba kwa kasi ambayo hata Mwingereza wa London hashiki. Wanunuzi wamesimama kimya, kofia zimeshuka machoni, na bei inapanda kwa kope tu: mmoja anapepesa, mwingine anasogeza kidole kwenye fimbo. Madume wa ukoo mzuri bado wananadiwa kwa gini, hesabu ya zamani ya pauni moja na peni tano, ingawa sarafu yenyewe ilikwisha zamani.

Mama mkubwa amekulia Kondoa, na minada ya mifugo anaijua tangu utotoni. Nilidhani ningemtafsiria. Baada ya robo saa yeye ndiye aliyekuwa akinieleza. "Yule mwenye koti la kijani, mwanangu, ndiye anayemtaka huyu dume. Tazama, amegeuka kutazama mlango ili wenzake wasijue." Dume likaenda kwa koti la kijani.

Kirkby Stephen, upande wa Eden, nako kuna soko Jumatatu na minada ya kondoo hao hao, na wafugaji wengi huuza pande zote mbili. Soko la barabarani ni dogo kuliko la Hawes, ila mji wenyewe haujajipamba kwa ajili ya mgeni, na wapo watakaoupenda kwa sababu hiyo. Usitoke bila kuingia kanisani. Ndani kuna jiwe lililochongwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, lenye sanamu ya kiumbe mwenye pembe aliyefungwa pingu. Wengine husema ni Loki, mungu mdanganyifu wa Waviking, wengine husema ni shetani. Liko hapo tu karibu na mlango, bila kioo, bila mlinzi.

Jibini

Hili nalo ni la Wensleydale. Karne ya 12 wamonaki wenye asili ya Ufaransa walijenga monasteri ya Jervaulx chini kidogo ya bonde, na ndio walioanza kutengeneza jibini hapa, kwa maziwa ya kondoo. Mfalme Henry wa 8 alipozivunja monasteri, kiongozi wao wa mwisho akanyongwa mwaka 1537 kwa kuhusishwa na uasi wa kaskazini, lakini ujuzi ulishahamia majikoni mwa wakulima. Kiwanda cha Hawes kilianza mwaka 1897. Katika miaka ya 1930 kilitaka kufa, mtu wa hapo hapo Kit Calvert akakusanya fedha za wenyeji na kukiokoa. Mwaka 1992 kampuni iliyokimiliki ikakifunga na kupeleka kazi Lancashire, kaunti ambayo Mtu wa Yorkshire hapendi hata kuitaja. Kabla mwaka haujaisha, mameneja wake walikinunua na kukifungua tena na wafanyakazi wale wale. Tangu 2013 jina la Yorkshire Wensleydale linalindwa kisheria, haliandikwi kwenye jibini la mahali pengine.

Unaweza kusimama nyuma ya kioo ukatazama: maziwa yameganda kwenye beseni refu, mfanyakazi anayakata kwa visu, maji ya njano yanatoka, kisha wanayageuza kwa mikono kama mtu anayechambua mchele. Jibini lenyewe ni jeupe, linamomonyoka, lina uchachu mdogo unaokuja mwishoni. Watu wa huku hulila pamoja na keki ya matunda. Jaribu. Mimi nilikataa mwaka wa kwanza, sasa nanunua vipande viwili.

Watu waliopita: Eden inanishika zaidi

Kwa ngome, Wensleydale ina majina makubwa. Bolton Castle, iliyokamilika mwaka 1399, ndimo Mary Malkia wa Skoti alimofungiwa kwa miezi sita kuanzia Julai 1568. Middleham ndiko mfalme Richard wa 3 alikolelewa. Ndugu zetu wa Leicester, wengi wao wakiwa watu waliotoka Uganda, Kenya na Tanzania, wanamfahamu kwa upande wa pili: mifupa yake ilichimbuliwa chini ya maegesho ya magari mjini kwao mwaka 2012, akazikwa upya kwenye kanisa kuu lao mwaka 2015. Ukilala Middleham, amka mapema. Mji huu unafundisha farasi wa mashindano, na asubuhi wanapita barabarani mmoja nyuma ya mwingine kwenda kukimbizwa nyikani, pumzi zao zikitoka kama moshi.

Lakini Eden ina mtu mmoja anayekufuata kutoka mji hadi mji, naye ni Lady Anne Clifford. Alizaliwa mwaka 1590. Baba yake, kabaila mkubwa wa kaskazini, alifariki mwaka 1605 akaacha wosia kwamba ardhi na ngome zote ziende kwa ndugu yake wa kiume. Anne alikuwa mtoto pekee aliyebaki, msichana wa miaka 15. Akakataa. Mume wake wa kwanza alimshinikiza akubali fidia, hata mfalme James wa 1 alimtaka atie saini. Hakutia. Miaka ikapita, na mwaka 1643 binamu yake akafariki bila mrithi wa kiume. Mali ikarudi kwake akiwa na miaka 53.

Wanawake wangapi kwetu wanaijua kesi hii bila kusoma historia yoyote ya Uingereza? Ndiyo maana nikipeleka wageni wa kike Eden, hawaniulizi tena habari za maduka.

Alihamia kaskazini, akakarabati ngome zake zilizokuwa zimebomoka: Pendragon, Brough, Appleby, Brougham. Pale Appleby alijenga nyumba za wajane, kazi iliyoanza mwaka 1651. Ziko kwenye barabara ya Boroughgate, mtaa mpana unaopanda kutoka kanisani hadi ngomeni. Unapita chini ya tao dogo, mara uko kwenye ua wa mawe wenye vijumba vimeuzunguka, maua yamepandwa mbele ya milango, na wanawake wangali wanaishi humo. Punguza sauti, ni makazi ya watu. Kaburi lake liko kwenye kanisa la Mtakatifu Lawrence mwanzoni mwa mtaa. Mama yake, aliye karibu naye, ana sanamu ya alabasta ya kulala, uso umetulia kabisa. Anne hakujichongea sanamu. Ukutani juu ya kaburi lake aliweka ngao za ukoo, kizazi baada ya kizazi, kila ndoa mahali pake, hadi jina lake. Alifariki mwaka 1676, akiwa na miaka 86, pale Brougham, katika chumba alichozaliwa baba yake.

Mwenye gari aende hadi kwenye nguzo iliyo kando ya barabara kuu ya A66 karibu na Brougham. Aliisimamisha mwaka 1656 mahali alipoagana na mama yake kwa mara ya mwisho tarehe 2 Aprili 1616. Aliacha pia fedha za sadaka kwa maskini wa kijiji, zitolewe kila mwaka tarehe hiyo hiyo juu ya jiwe lililo pembeni.

Tahadhari ya Juni

Mwanzoni mwa Juni Appleby inabadilika kabisa. Maelfu ya Wajipsi na watu wa jamii za wasafiri hukusanyika na farasi wao kwenye mnada mkubwa, wengine wakija kwa mikokoteni iliyopakwa rangi. Wenyewe husimulia kwamba una hati ya mfalme ya mwaka 1685. Historia inaonyesha mnada huu ulianza kama mwaka 1775. Farasi huoshwa mtoni Eden karibu na daraja, vijana wamewapanda bila tandiko, maji yanafika shingoni, sabuni inaelea. Ukipenda farasi, hakuna siku kama hizo katika Uingereza nzima. Ukitafuta utulivu, au unakwenda na mzee asiyeweza msongamano, epuka wiki hiyo: vyumba hakuna, barabara zimejaa, na baadhi ya maduka hufunga. Na kwa anayekwenda, hao si maonyesho. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtoto au ya mkokoteni wa mtu.

Mengine kwa ufupi

Watoto wapeleke Wensleydale. Maporomoko ya Aysgarth yana ngazi tatu kando ya njia rahisi ya msituni, na unalipia maegesho tu. Hardraw, ambako maji yanaanguka mita kama 30 kwa mruko mmoja, yako nyuma ya baa. Unapita huko na kulipa kiingilio. Eden kwa watoto ina duara la mawe la Long Meg karibu na Little Salkeld, bure kabisa, katikati ya malisho ya ng'ombe. Wenyeji husema mawe hayo ni wachawi waliogeuzwa, na atakayeyahesabu mara mbili akapata jibu moja atavunja uchawi. Hiyo ni saa nzima ya amani kwa mzazi.

Kwa mfuko, Eden ni nafuu. Ngome ya Brough haina kiingilio, Pendragon pia ni kupita tu shambani, wakati Bolton na Middleham unalipa.

Hali ya hewa: Hawes hupata mvua nyingi, iko juu na magharibi. Chini ya Bonde la Eden ni kukavu zaidi kwa sababu milima ya Lake District inaichukua mvua kwanza. Lakini Eden ina upepo wake wenye jina, Helm Wind, unaoteremka kutoka Cross Fell, mlima wa mita 893, hasa mwishoni mwa baridi na majira ya kuchipua. Koti la kuzuia upepo, si mwavuli.

Kwa wanaokula halali: sijaona bucha la halali katika miji hii hata mmoja, basi beba chakula au panga kula samaki na mboga. Hata samaki wa kukaanga uliza kwanza, kwa sababu huku kaskazini maduka mengi ya chipsi hukaangia mafuta ya ng'ombe. Hawachukizwi ukiuliza. Na kwenye jibini, soma lebo kuona kilichotumika kugandishia maziwa.

Basi, lipi?

Familia yenye gari, watoto, safari ya kwanza mashambani: Wensleydale, ulale Hawes au Leyburn, na upange Jumanne au Ijumaa iwe ndani yake. Wawili bila gari, mtu anayependa kutembea polepole mjini na kusoma makaburi, mama anayekuja kupumzika: Eden, ulale Appleby, isipokuwa wiki ile ya Juni. Mimi mwenyewe nikipewa siku mbili bila mgeni yeyote, napanda treni ya Appleby.

Usijaribu yote mawili kwa siku moja. Kwenye ramani yanaonekana karibu, na kwa kunguru ni karibu kweli, lakini barabara za huko ni nyembamba na trekta likiwa mbele yako huna la kufanya. Ukiwa na usiku mbili inawezekana: usiku mmoja Hawes, kesho yake basi dogo hadi Garsdale, halafu treni kuelekea kaskazini hadi Appleby.

Pale Garsdale, ukisubiri, utaona mbwa wa shaba jukwaani. Anaitwa Ruswarp. Bwana wake, Graham Nuttall, alikuwa miongoni mwa waliopigania reli hii, na alama ya wayo wa mbwa huyo iliwekwa kwenye pingamizi kama sahihi. Januari 1990 Nuttall alikwenda kutembea milimani Wales na hakurudi. Walimpata baada ya wiki 11, na Ruswarp alikuwa bado amekaa kando ya mwili, mwenye uhai lakini hawezi kusimama. Mama mkubwa alinisikiliza nikimsimulia, akavua glavu, akaweka mkono juu ya kichwa cha yule mbwa, na hakuuondoa hadi treni ilipotokea kwenye kona.